Uso Uliogeuziwa Ukutani

Karakana ile ya kuchapa picha kwa mawe, huko Plagwitz, upande wa magharibi wa Leipzig, haikuwa na sheria nyingi. Usivute sigara karibu na tapentaini. Usiweke kikombe juu ya meza ya karatasi. Na jiwe likitazama chumba lina kazi, usiliguse. Likigeuziwa ukutani limemaliza kazi yake, na Alwin, msagaji wa mawe, ana ruhusa ya kulichukua akalisage. Sheria hiyo ya tatu ndiyo Edeltraud Mehnert aliyowaambia wageni kabla hata hajawaonyesha pa kutundika makoti. Aliisema kwa sauti ya mwalimu aliyechoka kurudia somo moja, na wachoraji, watu wa kusahau miavuli na siku za kuzaliwa za wake zao, walikuwa hawaisahau.

Haikuwa sheria ya ubabe. Mawe ya kuchapia hutoka kwenye machimbo ya Bavaria, na tangu Ujerumani ilipokatwa vipande viwili baada ya vita Bavaria ilikuwa ng'ambo ya waya wa mpaka. Jiwe jipya halikuja tena. Yale yaliyokuwepo yalichorwa, yakachapwa, yakasagwa kwa mchanga na maji mpaka picha iishe, kisha yakachorwa upya, na kila msago yalipungua unene kidogo, kama sabuni. Nyuso za mabwana waliokufa zamani, matangazo ya biskuti, ramani za vita, maua ya kadi za Pasaka, vyote vilikuwa vimepita juu ya mawe yale na kwenda na maji machafu mferejini. Edeltraud alikuwa akiliona jambo hilo kuwa la haki. Alikuwa amechapa picha za watu maisha yake yote, na alijua ni chache zilizostahili jiwe la kudumu.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, mwembamba, na mikono mikubwa ambayo ungedhani ameazima kwa mtu mwingine. Kidevuni, upande wa kushoto, alikuwa na kovu fupi la kipande cha kioo, kumbukumbu ya usiku ule wa Desemba mabomu yalipouchoma mji. Watu wa karakana walimwita Traudel. Wachoraji walimwita Bi Mehnert.

Vita vilipokwisha aliingia shule ya sanaa. Mwalimu wake wa kuchora, mtu wa mguu mmoja aliyekuwa hamsifu mtu, aliwahi kusimama nyuma yake muda mrefu kisha akasema, "Endelea," na neno hilo Edeltraud alilibeba kama wengine wanavyobeba cheti. Kisha mama yake akaanguka kitandani, mdogo wake Hannelore alikuwa bado mtoto, na jirani mmoja akasema karakana ya mawe inatafuta mtu wa kuzungusha mashine. Akaenda. Majira ya baridi moja tu, alimwambia mama yake, mpaka mambo yatengemae. Mambo yakatengemaa, mama akazikwa, Hannelore akaolewa, na Edeltraud alikuwa bado anazungusha mashine. Baadaye alikuwa ndiye mchapaji mkuu, mwenye kujua ni jiwe gani linataka tindikali kali na lipi linataka kubembelezwa.

Kuna desturi katika kazi hiyo kwamba mchoraji akimaliza kutia saini nakala zake, moja humtilia saini mchapaji. Huandika chini kwa penseli: kwa mchapaji, na jina. Nyumbani kwa Edeltraud, chumba cha pili hakikuwa na kitanda wala meza, bali kabati la droo pana, na droo zilijaa kazi za wengine. Aliweza kukutolea farasi wa fulani, misitu ya fulani, mke wa fulani akiwa uchi, mapaja wazi. Za kwake zilikuwa ndani ya jalada moja chini kabisa: bustani, mitungi, paa la kiwanda cha pamba likiwa na theluji. Mara mbili alizipeleka mbele ya kamati ya chama cha wasanii ili akubaliwe kuwa msanii kwa jina na haki zake, na mara mbili zilirudi. Mara ya pili waliandika sentensi fupi: ufundi upo, mtu haonekani.

Sentensi hiyo ilimkaa kama mfupa wa samaki kooni. Alikuwa akiosha vyombo, inarudi. Alikuwa akilowesha karatasi, inarudi. Mtu haonekani! Nani angeonekana, akiwa kila siku anasimama nyuma ya mashine ya mwenzake?

Ndipo akaamua kujichora mwenyewe. Haya, mnataka mtu, mtu huyu hapa.

Alikuwa amechapa nyuso nyingi za wachoraji waliojichora, wengine kwa majivuno, wengine kwa kujihurumia, na alijua mchezo wa jiwe. Ukichora juu ya jiwe, karatasi inatoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Lakini ukijichora ukitazama kioo, kioo nacho kimekwisha kukugeuza, basi jiwe linakugeuza mara ya pili na unarudi ulivyo. Mtu anayejichora hivyo hujiona, pengine kwa mara ya kwanza, kama wanavyomwona watu wanaokutana naye barabarani. Edeltraud alikuwa amewaona wachoraji wakishtuka mbele ya nakala ya kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kujiona hivyo.

Tangu mwisho wa kiangazi alikuwa akiomba jiwe la kijivu, lile gumu kuliko yote, kila lilipokuwa halina mwenyewe. Alichora wakati wa chakula cha mchana, mkate wa soseji ya ini ukiwa mkono mmoja na kalamu ya grisi mkono wa pili, kioo cha kunyolea cha marehemu baba yake kikiwa kimeegemezwa kwenye kopo la wino. Alichora akafuta, akachora akafuta. Katika moja alionekana mtakatifu. Katika nyingine alionekana mpishi mwenye hasira. Kisha, katikati ya Novemba, siku ya mvua, uso ukaja. Haukuwa mzuri. Macho yalikuwa yamekaza kama ya mtu anayesoma tarehe kwenye kaburi, mdomo umefungwa, kovu lipo mahali pake, na mbele ya kifua mkono ule mkubwa umeshika kalamu. Edeltraud alirudi nyuma hatua kadhaa akakaa juu ya kiti. "Endelea," alijisemea kwa sauti ndogo, na akacheka peke yake.

Alhamisi alilipaka jiwe gundi na tindikali ili picha ishike, akaliacha litulie. Jumamosi asubuhi, mashine ikiwa haina mtu, angechapa. Ijumaa ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka kazi kwa maonyesho ya majira ya baridi, na kamati ilikuwa imetangaza kwamba hata wasio wanachama wanaweza kuleta kazi moja. Moja ilimtosha.

Basi, siku moja kabla ya kuchapa, Ijumaa mchana, Profesa Eckhart Lobedanz akapiga simu kwamba anakuja kuchagua jiwe. Lobedanz alikuwa mchoraji mashuhuri wa mji, mtu mrefu mwenye skafu nyekundu, na alikuwa mmoja wa watu wa kamati. Edeltraud alisikia viatu vyake ngazini. Alitazama jiwe lake, likiwa limeegemea ukuta, uso wake wote mweusi ukitazama chumba. Akaona haya. Aliona haya kama msichana aliyekutwa anajitazama kwenye dirisha la duka. Akalishika jiwe kwa mikono miwili, akaligeuza, akaliegemeza tena, kisha akaenda kumpokea mgeni koti.

Mgeni aliondoka, simu ikalia, karatasi zikaletwa, na jiwe likabaki limetazama ukuta.

*

Jumamosi alipofika, Alwin Pönisch alikuwa tayari yupo, amekaa kando ya hodhi la kusagia anakunywa kahawa yake mbaya. Alwin alikuwa mzee wa pensheni, shingo fupi, mwenye kusaga mawe pale kwa miaka mingi, na viganja vyake vilikuwa vimeanza kumsaliti kwa baridi yabisi.

"Mbona umesimama hivyo, Traudel? Umeona panya?"

"Jiwe la kijivu liko wapi?"

"Lipo kule kwa Profesa. Alirudi jana jioni ulipokwisha kuondoka, akalitaka hilohilo. Nikamsagia. Leo alfajiri amekwisha kulichora, akaenda zake akipiga mluzi. Kachora bwawa la machimbo ya makaa ya mawe, na mbingu tupu juu yake. Usiniulize mimi."

Edeltraud alikwenda kwenye chumba cha wachoraji akalikuta jiwe mezani. Ukingo wa maji, mabaki ya winchi moja, miti mitatu isiyo na majani. Juu yake, zaidi ya nusu ya jiwe, palikuwa peupe.

Aliporudi, uso wake ulikuwa umepoteza rangi, na Alwin akaweka kikombe chini.

"Lilikuwa na picha," alisema Edeltraud.

"Yote yana picha."

"Lilikuwa na picha yangu, Alwin! Ilikuwa haijachapwa. Hata nakala moja!"

"Lakini..." Mzee alitazama ukuta, kisha akamtazama yeye. "Lilikuwa limegeuzwa. Nimelikuta limegeuzwa. Traudel, wewe mwenyewe si ndiye unayetuimbia kila siku..."

"Najua ninavyoimba."

"Nani kaligeuza?"

"Mimi."

Alwin aliinuka. "Sasa kwa nini uligeuze jiwe lako mwenyewe?"

Hilo ndilo lililomuuma kupita yote, kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Angekuwa Alwin amekosea, angempigia kelele mpaka vioo vitetemeke, wangenuniana wiki nzima, wangepatana kwa chupa ya konyagi. Mzee wa watu alikuwa amefuata sheria. Edeltraud alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Na hukuona ni mimi?" aliuliza bila kugeuka.

"Nilikuwa nimewasha taa moja. Niliona mtu. Nikadhani ni mmoja wa wale wafanyakazi mashujaa wanaowachora kila mwaka." Alisita. "Kusema kweli, alionekana amekasirika. Ningejua ni wewe kama ningetazama vizuri."

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya wafu. Edeltraud na mdogo wake Hannelore waliweka matawi ya msonobari juu ya kaburi la mama yao, wakaenda kwa Hannelore kula keki ya mbegu za popi. Hannelore aliuza mikate na hakuwahi kuiona karakana ila mara moja, akasema inanuka kama gereji.

"Chora tena," alisema, akimkatia kipande kikubwa. "Uso si unao? Haujaenda popote."

"Wiki nzima mashine ni ya Profesa. Nakala zake lazima zitoke kabla ya Ijumaa, na mchapaji ni mimi. Nitachora saa ngapi?"

"Mwambie asubiri."

"Huyo hasubirishwi, Hanni. Huyo ndiye anayehesabu kura."

"Basi chora mwakani."

"Mwakani, mwakani. Unajua nimekwisha sema mwakani mara ngapi?"

"Mimi sijui kitu," alisema Hannelore. "Mimi najua tu kwamba tangu nikiwa mdogo unawachapia watu wengine. Kazi ya mwenzio ikitoka nzuri unafurahi kama umezaa wewe. Yako ikiharibika unakuja hapa kunikasirikia mimi na keki yangu. Kula."

Alikula. Popi zilimkwama katikati ya meno, na njia nzima ya kurudi alizisumbua kwa ulimi, akifikiri juu ya lile neno *mwakani*. Miaka mitatu zaidi angepewa saa ya mkononi, shada la maua na hotuba fupi ya kumuaga. Mtu mwingine angesimama nyuma ya mashine. Na ndani ya droo zake zote, kati ya farasi na misitu na mapaja, yeye hangekuwamo.

*

Jumatatu walianza. Lobedanz alikuja mapema, amebeba pakiti ya kahawa halisi kutoka ng'ambo, ambayo aliiweka mezani bila maneno mengi, na Edeltraud alimshukuru bila maneno mengi. Hakuwa mtu mbaya. Hilo nalo lilichosha.

Alililowesha jiwe kwa sponji, akapitisha rola ya wino, akalowesha tena, akapitisha tena. Akalaza karatasi, akabana, akazungusha. Nakala ya kwanza ilitoka hafifu, kama kawaida. Ya pili ilipata nguvu. Bwawa lilikuwa bwawa, winchi ilikuwa winchi.

Katika nakala ya tatu aliona kitu mbinguni. Kilikuwa kivuli chepesi, kama alama ya vidole vyenye mafuta juu ya kioo. Mkono wake ulitulia juu ya rola.

Wachapaji wanakiita mzuka. Jiwe ni kitu cha kunywa. Grisi ya kalamu huzama ndani yake, na lisiposagwa kina cha kutosha, picha ya zamani hulala pale chini ikisubiri wino. Kisha mtu anachapa ua, na ndani ya ua linatokea tangazo la biskuti. Dawa yake ni rahisi. Unasimamisha kazi, unapaka tindikali kali mahali pale, unasubiri, mzuka unakufa. Mchapaji yeyote anayejiheshimu hufanya hivyo mara tu anapouona.

Edeltraud aliangalia upande wa hodhi. Alwin alikuwa anasaga, mgongo umeinama, kila baada ya mizunguko michache akisimama kuminya kiganja. Basi mzee alikuwa amechoka Ijumaa ile. Hakuwa amelisaga mpaka mwisho.

"Kuna tatizo, Bi Mehnert?" aliuliza Lobedanz kutoka kwenye kiti chake.

"Hakuna," alisema Edeltraud, akapitisha rola tena, na mara hii aliongeza wino.

Ya nne ilikuwa na paji la uso. Ya tano ilikuwa na macho. Kila karatasi aliyoinua ilikuwa inamleta karibu, polepole, kama mtu anayekuja ndani ya ukungu wa kando ya mfereji wa Plagwitz: kwanza unajua kwamba kuna mtu, halafu unajua ni mwanamke, halafu unaanza kutafuta ni nani. Uso haukuwa umegeuka. Alikuwa pale kama alivyo, kovu upande wake wa kushoto, mkono mkubwa ukishuka mpaka karibu na miti, kalamu ikigusa maji. Hivi ndivyo wanavyoniona, alifikiri. Hivi ndivyo muuza samaki anavyoniona. Alikuwa mkali kuliko alivyodhani, na mwenye huzuni kidogo zaidi.

Alizitundika zote tano kwenye kamba. Lobedanz akasimama, akavaa miwani, akazipitia moja moja.

"Wingu hilo," alisema mwishowe.

Edeltraud aliifuta rola kwa kitambaa.

"Bi Mehnert, wingu hilo! Mimi sikulichora. Niliiacha mbingu tupu kwa sababu sikujua cha kuiwekea, nakwambia kweli, niliogopa kuiharibu. Na tazama sasa. Kuna uzito. Kuna kitu kinachotutazama. Ni chepesi, lakini kipo." Aligeuka, uso umechangamka kama wa mtoto. "Umefanyaje? La, usiniambie. Acha hivyohivyo. Nakala zote ziwe kama hii ya tano."

Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Alijua hivyo wakati uleule, kwa uwazi kabisa. Angenyamaza, uso wake ungetundikwa ukumbini, ungenunuliwa na makumbusho, ungeingia vitabuni, angani juu ya maji yale meusi, na chini yake pangesomeka Lobedanz. Ungedumu kuliko yeye. Angeweza kwenda kuutazama siku za Jumapili, amelipa kiingilio.

"Si wingu," alisema.

"Samahani?"

"Si wingu, Profesa. Ni mtu."

Lobedanz alicheka kwa upole. "Wote tumo ndani ya wino, Bi Mehnert."

"Ni mimi. Nilijichora juu ya jiwe hili. Lilisagwa kimakosa kabla sijachapa, na halikusagwa vya kutosha. Huu ni mzuka." Alinyoosha mkono, akautandaza karibu na karatasi, karibu na ule mkono mwingine. "Kovu hili hapa. Hili hapa. Mliniandikia kwamba mtu haonekani. Nimeona niwaonyeshe."

Kule kwenye hodhi mchanga ulikuwa umeacha kulia.

Lobedanz aliangalia karatasi, akamwangalia yeye, akaangalia karatasi. Edeltraud aliona hasa pale alipomtambua. Kitu kilizima machoni pake, na kingine, kidogo zaidi, kikawaka, kisha mtu yule mrefu akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Ndiyo," alisema taratibu. "Ndiyo, ni wewe." Akavua miwani. "Ungekaa kimya, ningelipenda wingu lile mpaka kufa kwangu. Sasa siwezi kuliona tena. Kila nikitazama nakuona wewe unanikodolea macho." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Liondoe, tafadhali."

"Nitaliondoa."

"Na hizi tano..."

Desturi ni kwamba nakala mbovu huchanwa katikati na mchapaji mwenyewe, mbele ya mchoraji, isije ikatokea siku moja dukani. Edeltraud alikuwa amechana maelfu. Alizishusha karatasi kwenye kamba, moja baada ya nyingine, akazipanga, akaziweka mezani mbele ya Lobedanz.

"Hizi mimi sichani."

"Bi Mehnert, ni desturi."

"Desturi naijua. Ndiyo iliyonifikisha hapa. Zichane wewe."

Lobedanz alishika ya juu kwa pembe mbili. Alisimama hivyo. Vidole vyake vilikaza, kisha vikalegea, akairudisha juu ya zile nne, akainyoosha kama mtu anayetandika shuka.

"Hakuna anayeweza kuzitia saini," alisema. "Wala mimi, wala wewe."

"Najua."

"Basi ziweke popote." Akachukua skafu yake. Mlangoni aligeuka. "Uso ni mzuri, lakini. Nasema uchoraji wake. Kwa nini hukunionyesha Ijumaa ile?"

Edeltraud alikuwa tayari anachanganya tindikali.

*

Wiki nzima alichapa mbingu tupu. Aliichapa vizuri, kwa sababu hakujua kuichapa vibaya. Usiku alilala akiwa na hasira, asubuhi akaamka nayo, akapanda nayo tramu. Alijikasirikia kwa kusema. Akifika kituo cha pili alijikasirikia kwa kufikiria kwamba angeweza kunyamaza. Mchana wa Alhamisi Lobedanz alikaa akatia saini, na alipofika kwenye nakala ya mwisho akaandika kwa mwandiko wake wa kujipinda: kwa mchapaji, Bi Edeltraud Mehnert, kwa heshima. Akamsogezea.

"Asante, Profesa," alisema Edeltraud. "Lakini kabati langu limejaa."

Lobedanz alimtazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali kitu asichokielewa vizuri, akaikunja karatasi mwenyewe.

Ijumaa saa ya mwisho ilipita. Gari la kamati lilikuja, likachukua kifurushi cha Lobedanz na vya wengine wawili, likaondoka likitoa moshi. Edeltraud alilitazama kutoka dirishani mpaka lilipokata kona kwenye daraja. Hapakuwa na kitu cha kungoja tena, na ajabu ni kwamba hilo lilimuudhi pia, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kulia na machozi hayakuja.

"Traudel." Alwin alikuwa nyuma yake, kofia mkononi. "Lile jiwe la kijivu."

"Linasemaje?"

"Lisagwe?"

"Lisagwe."

"Mpaka wapi?"

Edeltraud alifikiri. "Mpaka nisiwepo."

Mzee alikohoa. "Ijumaa ile viganja vilikuwa vinaniuma. Nikasema, nani atajua? Samahani. Yaani... samahani kwa kulisaga. Na samahani kwa kutolisaga vizuri."

"Chagua moja, wewe mzee. Huwezi kuomba radhi kwa yote mawili."

"Basi la kwanza. La pili sijuti." Alizungusha kofia. "Zile karatasi tano. Unazo?"

"Ninazo."

"Nipe moja. Niitundike hapo juu ya hodhi. Watu wakiniambia sijui kusaga, niwaonyeshe kwamba kweli sijui."

Edeltraud alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limefika mdomoni, lile la haraka, la siku zote, lililoligeuza jiwe. Akavuta droo akamtolea ile ya tano. Alwin aliipigilia misumari midogo ukutani, imepinda kidogo, na Edeltraud, aliyekuwa hawezi kuona kitu kimepinda, aliiacha.

Wakalisaga jiwe pamoja, maana viganja vya mzee havikuweza peke yake. Mchanga ulilia juu ya jiwe, maji yakawa meusi, yakawa ya kijivu, yakawa meupe. Bwawa likaenda, winchi ikaenda. Chini yake hapakuwa na mtu. Edeltraud alipitisha kiganja juu ya jiwe lililolowa, akaona ni laini na baridi, na jembamba kuliko lilivyokuwa.

Lilipokauka alilibeba mwenyewe, akalisimamisha juu ya kiti katikati ya karakana, chini ya dirisha, uso wake mtupu ukitazama chumba. Akaegemeza kioo cha baba yake kwenye kopo la wino. Mlango ulikuwa wazi. Wachoraji wawili walikuwa wanafunga mikoba yao, na mmoja akasimama kuangalia. Edeltraud alimwona kwenye kioo, nyuma ya bega lake, akahisi masikio yakimwaka moto. Hakuondoka kwenye kiti.

Akaanza na macho.

"Pua," alisema Alwin baada ya muda, akipita na ndoo. "Umejipunguzia pua."

"Nenda zako kasage, Alwin."

"Nasema tu. Ile ya ukutani ina pua ya kweli."

Edeltraud aligeuka, akaitazama ile ya ukutani. Kisha, huku akitukana chini chini, akachukua kiwembe akaikwangua pua aliyokuwa ameichora, akaanza upya.